UZI: Kujifunza kwa udadisi chuo kikuu, faida yake iko wapi hasa na huharibikia wapi

#1 Kalamu_Nyekundu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Mada ya kujifunza kwa udadisi ikiletwa majukwaani huishia juu juu: "inamfanya mwanafunzi afikiri", "inamwandaa kwa ajira", watu wanagonga laiki, uzi unazama. Huu naomba twende nao kwa undani. Faida ni ipi hasa, inapatikana kwa utaratibu gani, na kwa nini kozi nyingi zinazojiita za udadisi huishia kuwa kazi za kikundi zilezile zilizobadilishwa jina.

Tuweke msingi. Katika mhadhara wa kawaida mwanafunzi anapewa kanuni, anaonyeshwa mifano, halafu anapewa zoezi la kuhakikisha kanuni ileile. Katika udadisi anaanza na swali, tatizo, au data ambayo bado haijaelezwa. Anaamua atafute nini, kwa njia gani, ushahidi kiasi gani unatosha, kisha anatetea hitimisho lake mbele ya watu wanaoweza kumpinga. Si jambo la jana wala juzi. Mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, John Dewey, aliandika mwaka 1910 kwamba kufikiri huanza pale mtu anapokutana na jambo linalomtatiza. Chuo Kikuu cha McMaster cha Canada kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari wa tiba mwaka 1969, kikawafundisha kwa kutumia matatizo ya wagonjwa badala ya mfululizo wa mihadhara. Mwaka 1998 Tume ya Boyer nchini Marekani ilipendekeza kwamba kujifunza kunakojengwa juu ya utafiti kuwe ndiyo kawaida ya shahada ya kwanza, tangu mwaka wa kwanza wenyewe, badala ya kusubiri tasnifu.

Ukitaka kujua kama kozi yako ni ya udadisi, chukua karatasi ya zoezi uhesabu maamuzi. Nani kachagua swali? Nani kachagua njia? Nani kaamua data iwe kiasi gani, ichambuliwe vipi, na ni wakati gani kazi ihesabike imekamilika? Kama kila jibu ni "mhadhiri", hilo ni zoezi la kufuata maelekezo, hata wanafunzi wakikaa kwa duara.

Kuna ngazi nne zinazotumika sana. Ya kwanza ni ya kuthibitisha: swali, njia na jibu vyote vinajulikana. Ya pili ni udadisi uliopangwa: swali na njia vimetolewa, jibu halijulikani. Ya tatu ni ulioongozwa: mhadhiri anatoa swali tu. Ya nne ni huria: hata swali analeta mwanafunzi. Mpangilio huu una mizizi kwa Joseph Schwab miaka ya 1960 na Marshall Herron mwaka 1971. Kosa la kwanza kabisa ni kuruka kutoka ngazi ya kwanza hadi ya nne ndani ya wiki moja.

Faida ninazoweza kuzitetea ni tatu. Moja, mwanafunzi anajifunza kuunda swali linalojibika, ujuzi ambao mhadhara hauufundishi kwa sababu swali hufika likiwa tayari limeundwa. Mbili, anajifunza kupima ubora wa ushahidi wake mwenyewe. Tatu, dhana anayofundishwa baada ya kuihitaji inapata pa kujishika. Anajua inatatua shida gani. Hizo habari za "kujiamini" na "ubunifu" naziacha kwanza, maana kila mtu anazisema na wachache wanazipima.

#2 Takwimu_Kwanza

Mkuu, naunga mkono, ila tuweke namba mezani, na tuziweke kwa uangalifu.

Uchambuzi unaonukuliwa zaidi ni wa Scott Freeman na wenzake, 2014. Walikusanya tafiti 225 za kozi za sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Waliofeli katika madarasa ya mihadhara mitupu walikuwa wastani wa asilimia 33.8, na katika madarasa yanayomshirikisha mwanafunzi asilimia 21.8. Watu wanaichukua namba hii wanasema "udadisi unapunguza kufeli". Hapana. Ile ni jumla ya mbinu shirikishi zote, kuanzia maswali ya kubonyeza majibu darasani hadi semina za matatizo. Udadisi ni mmojawapo tu.

Upande wa pili, mwaka 2006 Kirschner, Sweller na Clark walichapisha makala iliyosema mafundisho yenye mwongozo kidogo hayafanyi kazi. Hoja yao ni ya kumbukumbu ya muda mfupi: mtu anaweza kushika vitu vichache tu kwa wakati mmoja, na mwanafunzi mgeni anayetafuta njia huku akitafuta maana anajaza nafasi yote kwa kutafuta, hakuna inayobaki ya kujifunza. Mwaka uliofuata Hmelo-Silver, Duncan na Chinn wakajibu kwamba udadisi unaofanywa vizuri umejaa mwongozo, kwa hiyo wenzao walikuwa wanapiga kitu ambacho watu makini hawakitetei. Kisha mwaka 2016 Lazonder na Harmsen wakachambua tafiti 72 na kukuta kwamba udadisi wenye mwongozo unazaa zaidi kuliko usio na mwongozo, katika shughuli za kujifunza na katika matokeo pia.

Kwa hiyo swali la "udadisi au mhadhara" limeshapitwa. La kuuliza ni mwongozo gani, uwekwe wapi, na uondolewe lini.

#3 mwanakozi

Swali kwa wakuu hapo juu. Mwongozo ukizidi si tumerudi kulekule kwenye maelekezo? Mstari uko wapi?

#4 Maabara4

@mwanakozi mstari ni huu: mwongozo unaruhusiwa kumwambia mwanafunzi *aamue nini sasa*, hauruhusiwi kumwambia *aamue vipi*. Tuchukue zoezi ambalo kila aliyepita fizikia analijua, pendulamu.

Zoezi la kawaida: funga jiwe kwenye uzi wa mita 1, pima muda wa bembeo, tumia kanuni, pata thamani ya g (mchapuko wa mvutano wa dunia), linganisha na 9.8. Mwanafunzi akipata 9.3 anarekebisha namba mpaka ifanane, anaandika "makosa ya kibinadamu" kwenye hitimisho, anaondoka. Hajajifunza kitu isipokuwa kughushi kwa adabu.

Natasha Holmes na Carl Wieman wamelifanyia kazi sana eneo hili, na wamekuta kwamba maabara zilizopangwa kwa lengo la kuimarisha yaliyofundishwa kwenye mhadhara haziongezi chochote kinachoonekana kwenye mitihani ya yale yaliyofundishwa. Njia mbadala inaanza na swali moja: je, muda wa bembeo ni uleule ukiachia jiwe kwenye pembe ya nyuzi 10 na kwenye pembe ya nyuzi 20? Kitabu kinasema muda hautegemei pembe, mradi pembe iwe ndogo.

Sasa angalia kinachotokea. Kwa uzi wa mita 1 bembeo moja kamili huchukua kama sekunde 2. Tofauti halisi kati ya nyuzi 10 na 20 ni takriban asilimia 0.6, yaani sekunde 0.0115 hivi. Kidole kwenye saa ya kupimia kinakosea kama sekunde 0.2. Ukipima bembeo moja huoni kitu. Ukipima bembeo 20 kwa mpigo na kugawanya, kosa linashuka hadi 0.01 kwa kila bembeo. Bado halijatosha.

Mwanafunzi anapewa chombo kimoja tu cha kuamulia: chukua tofauti ya vipimo viwili, gawanya kwa kipeuo cha pili cha jumla ya miraba ya makosa yake. Jibu likiwa chini ya 1, huwezi kusema vipimo vinatofautiana. Nenda ukaboreshe kipimo. Likiwa kati ya 1 na 3, hujui, boresha bado. Likizidi 3, vipimo vinatofautiana kweli. Kaitilie shaka kanuni yako. Kwa bembeo 20 zilizopimwa mara moja, jibu ni 0.0115 kwa 0.0141, yaani 0.8. Akirudia mara 20 kosa la wastani linashuka hadi kama 0.0022 na jibu linapanda hadi 3.6. Hapo ndipo anagundua kwamba kitabu kimerahisisha mambo, na anaanza kuuliza kwa nini.

Hakuna aliyemwambia arudie mara 20. Kaambiwa tu "linganisha, tafakari, boresha, rudia". Huo ndio mwongozo. Na wapo watakaokwenda bembeo 100 kwa mpigo ili kupunguza kosa, halafu wakute pembe imeshapungua kwa ukinzani wa hewa kabla hawajamaliza kuhesabu, tofauti ikafifia. Waache wakutane nayo. Msimamizi anauliza tu: "pembe mwishoni ilikuwa ngapi?"

Masharti yake ni haya. Vipindi viwili vya maabara kwa zoezi moja, si kimoja. Kipindi kimoja hakina nafasi ya kurudia. Na alama zisitolewe kwa kupata jibu "sahihi". Ukitoa hata alama 2 kwa 9.8, umeua zoezi zima.

#5 Kalamu_Nyekundu

Hapo kwenye alama 2 kwa 9.8 natia mkazo. Ndipo kozi nyingi zinapofia.

#6 Idadi_Kubwa

Wakuu, hayo ya maabara ya watu 24 ni mazuri. Mnasemaje kuhusu ukumbi wa watu 300, viti vimefungwa sakafuni, mhadhiri mmoja na wasaidizi watatu? Msitupe majibu ya madarasa ya ndoto.

#7 Mratibu_Semina

@Idadi_Kubwa inawezekana, ila si ngazi ya nne. Kwa ukumbi wa namna hiyo kaa ngazi ya pili na ya tatu, na utumie karatasi za kuongoza za mtindo wa POGIL (udadisi ulioongozwa kwa hatua, vikundini), ulioanzia kwenye kozi za kemia Marekani miaka ya 1990.

Vikundi ni vya watu 4. Si kwa bahati: kwenye viti vya kudumu wawili wa mbele wanageuka kuwatazama wawili wa nyuma. Ukiweka 5, wa tano anabaki pembeni na simu yake. Kila mmoja ana kazi: msimamizi anashika muda, mwandishi anaandika jibu la kikundi, msemaji ndiye pekee anayejibu akiitwa, na mtafakari anaangalia kikundi kinafanyaje kazi na kuandika sentensi mbili mwishoni. Kazi hizi zizunguke kila wiki, la sivyo mwenye mwandiko mzuri atakuwa mwandishi muhula mzima.

Karatasi yenyewe inakwenda kwa hatua tatu. Juu kuna mfano: jedwali, grafu, mchoro, au matini fupi. Maswali ya kwanza 3 au 4 yanajibika kwa kutazama tu kilichopo. Yanayofuata yanamlazimisha kuunganisha: "ni kanuni gani inaeleza safu ya pili na ya tano kwa pamoja?" Jina la kitaalamu la dhana linatajwa *baada* ya wao kuieleza kwa maneno yao. Ya mwisho yanaipeleka dhana kwenye hali ngeni. Kinachoharibu karatasi nyingi ni swali la kwanza linalohitaji maarifa yasiyokuwepo kwenye ukurasa. Kikundi kinakwama dakika ya pili, kinafungua intaneti, udadisi umeisha.

Vikundi 75 kwa watu wanne wa kuzunguka ni karibu 19 kwa kila mmoja. Haiwezekani kuvipitia vyote. 8 hadi 10 ndiyo kiasi anachomudu mtu. Kwa hiyo weka vituo: kila baada ya maswali matatu ukumbi wote unasimama, unaita wasemaji wawili kwa bahati nasibu, mmoja anasoma jibu, wa pili anasema anakubali au anapinga na kwa nini. Dakika 4, tunaendelea.

Usahihishaji: ripoti za kurasa moja moja 75 kwa dakika 10 ni saa 12.5, ukigawa kwa wanne ni kama saa 3 kila mmoja. Ungechukua kazi za mtu mmoja mmoja ni saa 50. Hesabu hii ifanyike kabla ya muhula, si baada ya kukusanya karatasi.

#8 Takwimu_Kwanza

Naongezea kitu kwa wenye kozi za takwimu au hisabati, ngazi ya tatu, ndani ya kipindi kimoja. Manu Kapur ameshughulika sana na wazo la kumwacha mwanafunzi ahangaike na tatizo kabla ya kufundishwa, kisha mhangaiko huo ukatumika kufundishia. Zoezi lenyewe linategemea namba ulizochagua, ndiyo maana mengi hayafanyi kazi: watu wanachukua data yoyote.

Mfano. Wape seti tatu na uwaambie waunde namba moja inayoonyesha seti ipi imetawanyika zaidi. Usitaje mkengeuko wastani (kipimo cha kawaida cha mtawanyiko).

A: 10, 12, 14, 16, 18
B: 10, 14, 14, 14, 18
C: 8, 14, 14, 14, 20

Wastani wa zote ni 14, kwa hiyo wastani hauwasaidii. Wengi watakimbilia kubwa kutoa ndogo: A inapata 8, B inapata 8, lakini kwa macho wanaona hazifanani. Watakaojumlisha umbali kutoka kwenye wastani watapata sifuri kila mara na watadhani wamekosea hesabu. Hapo ndipo mtu anafuta alama ya kutoa: A inakuwa 12 kugawa kwa 5, yaani 2.4, na B ni 1.6. Vizuri. Sasa C nayo inatoa 2.4, sawa na A. Je, A na C zimetawanyika sawa? Kikundi kitabishana, na kwenye ubishi huo mmoja atasema namba za mbali zinastahili uzito zaidi. Ukifika hapo kuinua kwa kipeo cha pili kunakuja kama jibu la shida waliyonayo. Ukichukua wastani wa miraba hiyo na kutafuta kipeuo chake cha pili: A ni 2.83, B ni 2.53, C ni 3.79.

Dakika 20 za kuhangaika, dakika 10 za kuweka majibu ya vikundi ubaoni, dakika 20 za kufundisha. Hizo 10 za katikati ndizo watu wanazikata muda ukibana, na ndizo zenye kazi yote. Usipochukua majibu yao mabovu na kuonyesha kila moja linashindwa wapi, umewapotezea dakika 20 bure. Ungefundisha tu moja kwa moja.

#9 Nyaraka

Mbona kila kitu ni namba? Upande wa historia, fasihi na sheria udadisi una sura nyingine, na nionavyo mimi ndiko unakofaa zaidi, kwa sababu huko jibu moja halipo.

Kwa semina ya saa 2, toa vyanzo 3 au 4 vinavyopingana juu ya tukio moja. Si 10. Wakiwa na 10 watavisoma kwa kupitisha macho. Sam Wineburg alilinganisha mwaka 1991 jinsi wanahistoria na wanafunzi wa sekondari wanavyosoma nyaraka: wanahistoria walianza kuangalia nani kaandika, lini na kwa ajili ya nani kabla ya kuingia kwenye matini, wanafunzi walianza mstari wa kwanza wakashuka. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya semina yangu inakuwa kuficha matini. Wanapewa jina la mwandishi, tarehe na aina ya nyaraka tu, waandike dakika 5 wanatarajia ikwepe nini na itie chumvi wapi. Ndipo wanasoma.

Kuhusu kuunda maswali, utaratibu wa Right Question Institute (shirika la Marekani linalofundisha watu kuuliza maswali) ni mwepesi na unafanya kazi: toeni maswali mengi kadiri mnavyoweza, msisimame kuyajibu wala kuyajadili, yaandikeni kama yalivyosemwa, na kauli yoyote igeuzwe kuwa swali. Baada ya hapo yanatenganishwa ya ndiyo-au-hapana na ya kueleza, halafu yanachaguliwa matatu. Dakika 25 zinatosha.

Kisha swali lipite kwenye tundu la sindano: "taja ushahidi ambao ukiupata utabadilisha jibu lako." Asiyeweza kuutaja, swali lake halijaiva. "Vyombo vya habari vina athari gani kwa jamii?" halipiti. "Magazeti mawili ya mji mmoja yalitofautianaje kueleza mgomo mmoja katika wiki zake mbili za kwanza?" linapita, maana unajua ufungue nini, ukome wapi, na nini kitakukatalia.

#10 Mpinga_Kidogo

Yote sawa, ila mnakwepa jambo. Wanafunzi wenyewe hawaipendi. Fomu za tathmini za mwisho wa muhula zinashuka, wanasema "mhadhiri hafundishi, tunajifundisha wenyewe". Mhadhiri ambaye mkataba wake unategemea fomu hizo atajitoa mhanga kwa nini?

#11 Kalamu_Nyekundu

@Mpinga_Kidogo hoja nzito, na ina ushahidi. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard waliwapa wanafunzi wa fizikia somo lilelile kwa njia mbili: mhadhara laini uliopangwa vizuri, na kipindi cha kutatua matatizo kwa vikundi. Waliotatua matatizo walipata alama zaidi kwenye jaribio, lakini wao ndio waliosema wamejifunza kidogo. Mhadhara mzuri unateleza akilini na mtu anadhani kuteleza huko ni kuelewa.

Dawa yake watafiti haohao waliipendekeza: sema mapema. Wiki ya kwanza tumia dakika 20 kueleza kwa nini kozi itakuwa hivi, onyesha matokeo ya utafiti huo, waambie watahisi wanapotea na kwamba hisia hiyo si kipimo. Halafu toa jaribio dogo mapema, wiki ya 3 hivi, ili waone wenyewe wanajua nini. Ukinyamaza hadi fomu za mwisho, utavuna ulichopanda.

Pia tuseme ukweli, mara nyingine malalamiko ni ya haki. Kozi isiyo na ratiba, maswali hayajibiwi wiki nzima, vigezo vya alama vinatoka siku ya kukusanya. Huo ni uzembe uliovikwa joho la udadisi.

#12 mwanakozi

Mnagawaje alama basi? Na hawa wanaobebwa kwenye vikundi?

#13 Mratibu_Semina

Mgawanyo unaoshikika: pendekezo la kurasa 1 alama 10, daftari la maamuzi 15, rasimu na maoni kwa kikundi kingine 10, ripoti 40, utetezi wa mdomo 25. Theluthi ya alama tayari ipo kabla ya ripoti, kwa hiyo usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho hauwezi kuiokoa kazi yote.

Daftari la maamuzi si shajara ya hisia. Kila ingizo lina mistari minne: tarehe, tulikuwa na chaguo zipi, tukachukua lipi, kwa sababu gani. Maingizo 8 hadi 12 kwa muhula. Ukilisoma dakika tatu unajua kikundi kilifikiri au kilinakili.

Utetezi ni dakika 8 kwa kikundi, maswali matatu: kwa nini njia hii na si ile, mlitupa nini njiani, kitu gani kingewafanya mbadilishe hitimisho. Anayejibu unamchagua wewe. Aliyebebwa anaonekana kwenye swali la pili, kwa sababu mambo yaliyotupwa hayamo kwenye ripoti. Alama za utetezi ziwe za mtu binafsi, zile nyingine za kikundi.

#14 Nyaraka

Na hili la programu za akili unde? Swali zuri zinaunda kwa sekunde mbili, ripoti nayo inatoka imenyooka.

#15 Maabara4

Zinaunda swali, haziishi na matokeo yake. Kama kazi yako inaweza kufanywa yote na programu, kuna uwezekano mkubwa ilikuwa ngazi ya kwanza tangu zamani, programu imekuumbua tu.

Kwa vitendo: data ikusanywe na wao, kwa kifaa, hojaji au nyaraka walizozishika. Kama wametumia programu kwenye hatua ya maswali, waambatishe yale 10 iliyowapa na waeleze kwa nini wamekataa 9. Kukataa kwa sababu ni kazi ya akili kuliko kuchagua. Na kila ripoti chagua marejeo matatu bila mpango uyatafute. Programu hizi hubuni makala zisizokuwepo, zenye jina la jarida la kweli na mwaka unaoaminika. Moja likikosekana, kikundi kiitwe kabla ya alama kuingizwa.

#16 Idadi_Kubwa

Nimekubali sehemu. La mwisho: kwa nini katikati ya muhula, wiki ya 6 au 7, vikundi vingi vya ngazi ya nne hukwama hata vilivyoanza vizuri?

#17 Kalamu_Nyekundu

Sababu kuu ni data. Pendekezo lilipitishwa kwa sababu swali lilikuwa zuri, hakuna aliyeuliza kama data inapatikana kwa wiki tatu. Hojaji ya watu 200 inarudi na 31. Mashine ya maabara ina foleni. Nyaraka zinahitaji kibali kinachochukua mwezi. Kazi yenye kuhoji watu inahitaji pia ridhaa ya kamati ya maadili, na kamati haifuati ratiba ya kozi yako.

Kwa muhula wa wiki 14 mimi ningepanga hivi. Wiki 1 na 2 mazoezi ya ngazi ya pili ili wajue chombo cha kuamulia. Wiki ya 3 kuunda maswali. Wiki ya 4 pendekezo pamoja na *jaribio dogo*: walete sehemu moja ya kumi ya data wanayodhani wataipata. Waliopanga hojaji 200 walete 20 zilizojazwa. Wakileta 4, swali linapunguzwa siku hiyohiyo na hakuna anayepoteza alama. Wiki 5 hadi 9 kukusanya na kuchambua, ya 10 rasimu, ya 11 maoni ya kikundi kwa kikundi, ya 12 na 13 utetezi, ya 14 ripoti. Wiki moja iliyoachwa wazi hakuna, najua, na ndiyo kasoro ya mpango huu. Mwenye uwezo akate mada moja ya mhadhara, apate wiki ya akiba baada ya 9.

#18 Mpinga_Kidogo

Ukikata mada, idara inasema hujamaliza mtaala.

#19 Mratibu_Semina

@Mpinga_Kidogo peleka idarani karatasi mbili: mada zote za kozi, na maswali ya mitihani ya miaka mitatu iliyopita. Weka alama mada zilizoulizwa. Kwa kawaida kuna moja au mbili zinazofundishwa kila mwaka na haziulizwi kamwe. Hiyo ndiyo ya kukata, na maandishi yake wape wanafunzi wasome wenyewe.